Nguo za Kupapasa

Ndani ya treni ya asubuhi, dobi mmoja alijidai kusoma gazeti, lakini sikio lilikuwa kiti cha mbele. Mwalimu wa shule alikuwa akimwonyesha jirani yake, fundi cherehani, nguo alizonunua kwa ajili ya msimu wa joto. Zote zilikuwa za buluu na nyeupe.

"Dada, hata nyekundu moja hukuona? Ingekukaa kweli."

"Najua. Ila macho yangu yanafifia, daktari kashasema hayatarudi. Nataka nikipapasa kabatini, chochote nitakachoshika kiendane na kingine. Naogopa nitoke nimevaa vioja, watu wote wanyamaze."

"Si una mume? Atakuambia."

"Yule? Hata nikivaa gunia atasema nimependeza."

Fundi alicheka. Mwalimu hakucheka.

"Basi nunua nyekundu leo, uivae ungali unaiona."

"Halafu niifiche wapi, nisije nikaishika?"

Treni ikasimama kabla fundi hajajibu. Mwalimu alipoinuka, dobi aliona vifungo vya blauzi yake vimepishana. Alifungua kinywa, kisha akainua tena gazeti lake. Fundi naye aliviona, akainamisha macho. Mwalimu akawaaga kwa tabasamu, akashuka.