Meza Iliyokataa Msasa

Muuza miwani alijifanya amelala ndani ya basi, kumbe masikio kayatega. Kiti cha mbele, bibi mmoja alikuwa amemkalia kooni fundi seremala wa maktaba kongwe ya mtaa, ile inayokarabatiwa na kupanuliwa.

“Mjukuu wangu, ile meza ya dirishani ipige msasa.”

“Siwezi, bibi. Wanasema maandishi yake ni historia. Itawekwa mlangoni mwa jengo jipya, chini ya kioo.”

“Historia gani! Jina langu limechongwa pale, kando ya jina la mwanamume ambaye si babu yako. Na babu yako ndiye atakayekata utepe!”

Muuza miwani akasahau kukoroma.

Basi likasimama, fundi akashuka na msumeno wake. Bibi akatoa kichwa dirishani.

“Haya, mfute yeye! Mimi niache!”