Mama Chupa na Simu ya Jumapili

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu katika idara ya dharura, muuguzi wetu mkuu anavua sare. Jina lake la kwenye kitambulisho wanalijua wachache. Sisi tunamwita Mama Chupa, na huitika.

Jina hilo alilipata kwa ukali wake. Akiletwa mgonjwa wa sumu, jamaa wanalia, yeye anauliza chupa ya alichokunywa iko wapi, tena kwa sauti ya mama mkwe. Asiyekuja nayo hurudishwa nyumbani mbio. Baba mmoja, kwa kiwewe, alirudi na kreti nzima ya soda. Jamani, tulicheka! Kumbe chupa moja ilikuwa na mafuta ya taa, na ndiyo aliyoinywa mwanawe. Mtoto akapona, baba akahubiriwa: mafuta yasikae kwenye chupa ya soda, dawa ya panya isikae jikoni, vidonge vya bibi visikae chini ya mto.

Kwa watu wazima hakuhubiri. Alijua wengine hawakukosea chupa. Aliwatoa jamaa nje kwa kisingizio cha chai, akavuta kiti, akanyamaza mpaka mgonjwa aseme mwenyewe. Alitufundisha kuuliza waziwazi, bila kumwaibisha mtu, kama alitaka kufa na kama aliwahi kujaribu, maana aliyewahi kujaribu ndiye wa kuangaliwa zaidi.

Mshonaji mmoja, mjane anayeishi peke yake, aliletwa mara ya pili. Sisi wengine tulishakata tamaa. Mama Chupa, wapi! Tangu mjane yule atoke wodini humpigia simu kila Jumapili: amekula, amelala, nani yuko naye? Mwaka wa saba huu. Majuzi mshonaji alimletea gauni la kuagia, kisha akatugeukia, machozi yanamlengalenga, akauliza sasa Jumapili atapigiwa na nani.

Pengo lile halizibwi na mtu mmoja. Daktari wetu akasema tutapokezana, kama zamu nyingine yoyote.

Jumapili iliyopita nilianza mimi. Mshonaji alipokea kabla simu haijaita vizuri. Alinigombeza weee, eti nimeuliza habari za kazi na hali ya hewa, nikasahau kuuliza kama amekula. Sijawahi kufurahia kugombezwa namna ile.

Asante, dada yetu. Tunakuombea afya, usingizi mnono na wajukuu wasumbufu. Nenda kapumzike bila wasiwasi. Mshonaji tunaye.