Vichanja vya Isozaki

Kila asubuhi, kwenye benchi la mbele ya duka la tumbaku bandarini Moji, wazee watatu walikunywa chai ya shayiri na kubishana. Vita vilikwisha miaka mitano iliyopita, lakini wao bado walibishania Isozaki, meli ya sukari iliyogeuzwa ya kubebea askari, ikazama nao huko kusini. Tokuji, waliyemwita Randa, ndiye seremala aliyejenga vichanja vya mbao vya kulaza askari tumboni mwa meli hiyo. Wenzake walijua. Yeye aliomba tu mazungumzo yabaki kwenye maji na mabomu, yasishuke kwenye mbao.

— Ilipigwa na nyambizi, akasema Gazeti, msomaji wa hata karatasi za kufungia samaki.

— Nyambizi wapi! akafoka Nahodha, aliyewahi kuwa mpishi wa tishari. Jeshi liliifuta jina likaipa namba. Meli isiyo na jina husahau njia. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu!

— Methali hiyo inaingiaje hapo, wewe?

— Kama askari walivyoingia. Haba na haba hujaza kibaba.

Tokuji akainamia kikombe chake.

— Basi mimi nasema haikuzama, akapaza sauti Gazeti. Wameipaka rangi, inabeba ndizi!

— Na watu elfu mbili wamekuwa maganda?

— Acheni, jamani, akasema Tokuji.

Mwanamke mwenye kifurushi mgongoni alikuwa amesimama karibu. Akainama.

— Samahani, wazee wangu. Mume wangu alipanda Isozaki. Mle ndani, mtu aliweza kukaa kitako?

Gazeti na Nahodha wakamgeukia Tokuji.

— Kwa nini unauliza, mwanangu? akasema Tokuji.

— Barua yake ya mwisho, aliyoiandika melini kabla haijang'oa nanga, ina mwandiko uliopinda. Mama mkwe anasema alitetemeka kwa woga. Mtoto wetu anayasikia hayo kila siku.

Tokuji akaweka kiganja juu ya benchi, akakipandisha taratibu. Kilipofika kifuani kikasimama.

— Hakuweza. Kati ya kichanja na kichanja nafasi ilikuwa hii tu. Aliandika amelala. Mbao nilizipima mimi.

Mwanamke akautazama ule mkono. Hakushukuru, wala hakulaumu.

— Njoo umwambie mama mkwe, akasema. Mimi hataniamini.

Tokuji akavaa kofia yake, akainuka.