Ubao Mweupe wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani alipanda basi amekumbatia ubao mpya wa kuchorea kama mtoto mchanga. Tangu usichana alitamani kuchora, na leo, akienda kwenye somo lake la kwanza la uchoraji, moyo ulimwambia arudi nyumbani.

"Naogopa kuuharibu," alimwambia mwashi aliyeketi kando yake. "Kwetu kitambaa kikikatwa vibaya, ndiyo basi."

"Kwetu, dada, lipu ya kwanza tunairusha ukutani ovyo ovyo, ili ya pili ipate pa kushika." Akabandika dole gumba lenye saruji katikati ya ubao.

"Wewe! Umeniharibia!"

"Haya, umeshaharibika. Bado unaogopa nini?"

Matusi yalimjaa mdomoni, lakini kikatoka kicheko. "Asante, kaka, ingawa dole lako halina adabu."

Basi likasimama penye darasa. Mwashi akavuta magoti ampishe. Fundi cherehani alikwisha kuyaruka, akikimbilia darasani.