Herufi Iliyomzika Bi Fauzia Akiwa Hai

Na Dominick Mnali, Idara ya Uhariri, Rasi Uchapaji, Lindi

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bi Mwanaheri Likwata anastaafu kazi hapa Rasi Uchapaji. Alikuja mwaka 1992 akiwa na miaka ishirini na saba, akaanza kwa kupanga herufi za madini ya risasi kwa mkono, moja moja, kinyumenyume. Anaondoka akiwa mkuu wa usanifu wa matangazo, kazi ambayo sasa hufanyika kwenye kompyuta na kuishia kwenye simu za watu. Desturi inanitaka niandike kwamba tunamuaga kwa furaha. Siandiki hivyo. Tunamuaga tukiwa bado tumeduwaa, na kila mfanyakazi aliyekuwapo mwezi Machi anajua kwa nini.

Kwa wageni wasioijua kazi yake: kila tangazo lina maneno machache makubwa yanayotangulia mengine, na maneno hayo lazima yachaguliwe fonti, yaani sura ya herufi za kuyabeba. Watu wengi huchagua fonti kama wanavyochagua kitenge dukani. Hii inang'aa, nifungie. Bi Mwanaheri huuliza kwanza ni nani atakayeiona, amesimama wapi, na simu yake ina kioo cha namna gani. Kila aliposafiri kikazi kwenda Kilwa alishuka Nangurukuru na rasimu kwenye simu, akawaonyesha wauza mayai na mama lishe wa stendi, juani, kwa mbali, kwa sekunde mbili. Kisha aliificha simu na kuuliza, "Umeona nini?" Hakuuliza umesoma nini. Tofauti ya maswali hayo mawili ndiyo elimu yake yote, na sisi wenye vyeti tuliichukulia kuwa kichekesho cha mama mtu mzima.

Si kwamba hatukuonywa mapema. Mwaka 2003 alikataa kutoa kadi mia nne za harusi zilizokwisha kuchapwa, kwa madai kwamba vitone vya herufi vilikaa kama nzi kwenye andazi. Bwana harusi alifoka hadi mtaa wa pili ukasikia. Bibi harusi akaitazama kadi mara moja tu, akasema, "Kweli, nzi hawa." Zikachapwa upya. Hadi leo yule bibi harusi, Bertha, haagizi hata risiti bila Bi Mwanaheri kuiona.

Sasa niseme habari ya Pazia. Mwaka 2011 familia moja ya hapa mjini ilileta taarifa ya msiba, nayo ikataka herufi zenye heshima. Bi Mwanaheri akaipata fonti nene yenye mikia inayoning'inia kama pindo la pazia, na sisi tukaipa jina hilo. Familia ya pili ikataka hiyo hiyo. Ya tatu pia. Simu za kisasa zilipoenea, taarifa za misiba zikahamia kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa na vazi lile lile: picha ya marehemu ndani ya duara, jina lake chini kwa Pazia. Kuanzia Kilwa Masoko hadi Lindi mjini, kwa miaka kumi na minne, watu wetu wamejua kwamba ukiona sura ya jirani na herufi zile, unatafuta kanga yako unatoka.

Mwezi Machi mwaka huu walikuja akina mama wa Mchinga wanaokamua mafuta ya nazi. Mwenyekiti wao, Bi Fauzia, alitueleza mambo waziwazi. Chupa zilikuwa zimejaa ghala, wanunuzi hawapo, na wenzake walikuwa wameshaamua: kampeni hii ya mtandaoni ikishindwa, kikundi kinavunjwa, kila mtu anarudi kumuuzia mlanguzi nazi mbichi kama zamani. Miaka saba ya kazi yao ilikuwa mikononi mwetu.

Tulikaa kikao. Naima, msanifu wetu kijana, alipiga picha nzuri sana ya Bi Fauzia akitabasamu, akaiweka ndani ya duara. Kisha tukaanza kubishana juu ya fonti. Valentini, mkuu wa masoko, akataka kitu kizito, chenye hadhi, kisichofanana na mabango ya maduka ya simu. Akafungua orodha ya fonti za ofisi na kidole chake kikatua kwenye Pazia.

Bi Mwanaheri alisema neno moja: "Hapana." Akaulizwa sababu, akaitoa bila kuzunguka: "Hiyo ni ya misiba."

Valentini akacheka. "Mama, soko letu lipo Dar. Dar nani anajua misiba ya Lindi?"

"Ipelekeni basi Nangurukuru kabla haijatoka."

"Wauza mayai ndio watatuchagulia fonti, Mama?"

Chumba kizima kikacheka. Naandika kwa aibu kwamba nami nilicheka, kisha nikatoa hotuba ya dakika kumi juu ya fonti kuwa umbo tupu lisilo na maana mpaka neno lilipe maana. Nilikuwa nimesoma hayo mahali. Nilinukuu na kurasa. Kura zikapigwa, watano kwa mmoja.

Tangazo lilitoka siku ya Ijumaa saa tatu asubuhi. Tulichosahau, sisi mabingwa wa masoko, ni jambo ambalo mtoto wa shule angelikumbuka. Tangazo la mtu huanza kusambazwa na wanaomfahamu mtu huyo. Halikuanzia Dar hata kidogo. Lilianzia Mchinga, kwa wajukuu wa Bi Fauzia waliojivunia picha ya bibi yao, likaingia kwenye kundi la ukoo, kundi la madrasa, kundi la waliosoma pamoja. Na kwa mtandao wetu unaokwenda kwa kusuasua, picha hufika ikiwa na ukungu. Watu waliona duara, wakaona sura ya Bi Fauzia, wakaona mikia ya Pazia. Hakuna aliyengoja ukungu uondoke ili asome kwamba mafuta haya yanalainisha ngozi.

Saa nne, chini ya tangazo letu kulikuwa na "Innalillahi wainna ilaihi rajiun" zaidi ya mia mbili. Naima alikuwa wa kwanza kuziona. Alinyoosha simu kuelekea kwetu. Mdogo wake Bi Fauzia alikuwa ameshapanda gari kutoka Kiswere, analia njia nzima, na kila aliyeketi karibu naye akampa pole. Pale Mchinga majirani walikuwa wamekwisha kutandika mikeka. Kisha, kama ilivyo ada ya misiba yetu, wakafika watani, wenye ruhusa ya kufanya mzaha hata mbele ya maiti. Kiongozi wao Bakary alijilaza mlangoni, akatangaza kwamba maiti haitoki mpaka watani wapewe jogoo.

Bi Fauzia akatokea nyuma ya nyumba, mwiko wa kukorogea mafuta mkononi. "Bakary, umekunywa nini asubuhi yote hii?"

Wanawake wawili walianguka chini. Bakary, mtani hadi mwisho, akapaza sauti: "Marehemu, rudi ndani bwana! Jogoo hajachinjwa, unatuharibia!"

Leo watu wanacheka wakisimulia. Siku hiyo hakuna aliyecheka isipokuwa Bakary. Mdogo wake Bi Fauzia alipofika na kumkuta dada yake amesimama, alimpiga makofi kabla ya kumkumbatia. Akina mama wa kikundi wakaanza kusema wazi kwamba mafuta haya yameingia mkosi, nani atajipaka mafuta ya msiba? Bi Fauzia akapiga simu ofisini, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Nimewakosea nini?"

Aliyepokea simu alikuwa Valentini. Bi Mwanaheri alimwondolea simu mkononi na kusema, "Shoga yangu, tumekukosea sisi. Ninakuja." Tumekukosea sisi! Yeye aliyepinga peke yake. Adhuhuri alikuwa Mchinga, na Valentini kamfuata nyuma amebeba kompyuta.

Aliomba radhi kwanza, mbele ya wote. Kisha akaketi kwenye mkeka uliotandikwa kwa ajili ya matanga na kufanya kazi. Hakutafuta fonti yoyote kwenye orodha. Aliomba chupa moja, ambayo Bi Fauzia mwenyewe alikuwa ameiandika kwa kalamu ya wino mzito, herufi za duara, pana, zilizoshiba kama maandazi ya Idi. Akazichora upya hizo hizo, akazipa rangi ya kijani ya dafu. Kisha akasimama upande wa pili wa uwanja, akainua simu kwa sekunde mbili, akaificha.

"Umeona nini?" akamuuliza mtu wa kwanza.

"Zahanati."

Akarekebisha. "Umeona nini?"

"Kuna harusi ya nani?"

Akarekebisha tena, akamgeukia Bakary. Bakary akafinya macho. "Mafuta," akasema. "Tena ya huyu huyu aliyetunyima jogoo."

Waombolezaji walikuwa zaidi ya mia moja, kila mmoja na simu yake, kila mmoja amesambaza kifo tangu asubuhi. Bi Mwanaheri akawaambia wasambaze na uhai. Wakasambaza. Kila kundi lililolia likapokea picha mpya: Bi Fauzia mzima, mafuta yake haya hapa. Watu wa Lindi walioko Dar walinunua kwanza kwa kicheko, kisha wakarudia kwa sababu mafuta ni mazuri. Mwezi Mei ghala lilikuwa tupu. Kikundi hakikuvunjwa, na sasa kina wanachama sita zaidi.

Nasema wazi kwa uongozi, kwa kuwa karatasi hii itasomwa ukumbini: nimesikia kwamba nafasi yake haitajazwa, kwamba programu ya kompyuta itapendekeza fonti kwa kubonyeza mara moja. Imenishtua kuliko yale ya Machi. Programu hiyo haina ndugu Kiswere wa kupanda gari akilia. Naima yupo, amejifunza kwa uchungu, na tangu Aprili hatoi tangazo bila kupita Nangurukuru. Mpeni yeye kiti.

Bi Fauzia ameketi safu ya pili, upande wa dirishani. Mwenye shaka akamshike mkono.

Bi Mwanaheri, tulikucheka mbele ya watu, na mbele ya watu tunakushukuru. Mungu akupe afya, nyumba yenye wageni, na asubuhi nyingi za kutazama vitu ambavyo hakuna mtu aliyeandika neno lolote juu yake.