Ami Fanus, Mwokaji Aliyenyamaza Miezi Kumi na Mmoja

Baada ya miaka thelathini na sita ya kuoka mikate ya misa katika kanisa letu la hapa Mallawi, Misri, Ami Fanus Abdelmasihi anastaafu tarehe 30 Juni. Ana miaka sabini na mmoja, na magoti yamegoma.

Alikuja kwetu akitoka kuoka biskuti za sikukuu mjini. Wiki ya kwanza alitia chumvi kwenye unga wa sadaka, jambo lisiloruhusiwa, na mikate yote tukaila sisi watumishi kwa jibini. Tulimtania miaka mingi. Yeye husema hiyo ndiyo mara pekee tuliyowahi kumaliza mikate yake bila kulalamika.

Lakini kuna jambo nililotaka kulielewa tangu zamani. Mimi Zarif, mtunza funguo, ndiye niliyemfungulia mlango kila alfajiri, kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu.

Mwaka 2009 binti yake wa pekee, Demiana, mwalimu wa chekechea, aliugua figo. Ami Fanus alifunga, akaweka nadhiri, akaenda monasteri kwa miguu. Demiana akafariki wiki ya Pasaka, na miaka yake ishirini na minne. Waliokuja kutoa pole walisema Mungu amempenda zaidi.

Jumapili iliyofuata alifika kama kawaida. Kwetu unga wa sadaka haukandwi kimya. Mwokaji husali tangu maji yanapomiminwa. Siku hiyo alimimina maji, akasimama tu. Kisha akanituma nimwite padri wetu, Abuna Sidrak.

"Abuna, tafuta mwokaji mwingine."

"Umesahau kuoka?"

"Kuoka najua. Kusema naye ndiyo siwezi. Nilimwomba kitu kimoja tu."

Nilidhani Abuna atamhubiria. Akavuta kigoda, akaketi karibu na meza. "Basi wewe kanda. Mimi nitasema."

Ikawa hivyo miezi kumi na mmoja. Padri anasali, mwokaji anakanda amefunga mdomo, ila pale anapogomba: "Abuna, sogea, ndevu zako zinaingia kwenye unga." Mimi nilikuwa najiuliza, mtu asiyeweza kusali anaamkaje saa kumi alfajiri kumwokea mkate Mungu yule yule aliyemkasirikia? Nikamuuliza. Akasema, "Nimekasirika, Zarif. Sijahama."

Abuna alipofika kwenye majina ya marehemu, alikuwa akiliruka la Demiana. Asubuhi moja ya Kwaresima, Ami Fanus aliacha kukanda.

"Mwaka unakwisha, binti yangu unamruka."

"Niliogopa kukuumiza."

"Nimeshaumia. Mtaje."

Abuna alijaribu, sauti ikamkatika. Yeye ndiye aliyembatiza mtoto yule. Basi Ami Fanus akamtaja mwenyewe, Demiana binti Fanus, akaendelea na sala hadi mwisho huku machozi yakimtiririka na mikono ikikanda.

Juzi nilimuuliza kilichotokea siku ile. Alisema jibu la kwa nini binti yake alikufa hajalipata, na anayedai amelipata hamwamini. Ila alipolisikia jina lile kinywani mwake alijua hana mwingine wa kumpelekea ila Mungu. "Ningempelekea nani, Zarif? Wewe?"

Tangu hapo amefundisha waokaji watano, na waliofiwa wamezoea kuja kukaa naye. Mwaka jana Nasif, seremala, alimzika mkewe akaacha kuja kanisani. Ami Fanus hakumpelekea maneno. Alimpelekea aproni. Nasif anakanda hadi leo, bado kimya, na kuanzia Julai tanuri ni lake. Sala atasoma Ami Fanus, ameketi.

Ahsante, ami yetu. Ustaafu wako uwe mrefu wenye afya, na siku zisizo na misa ulale mpaka jua likuamshe.