Fundi Mlingoti na Mashine ya Kuponda Makopo

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi wetu wa matengenezo anastaafu. Jina lake kamili wanalijua watu wa mishahara. Sisi tunamwita Mlingoti, na anayetaka kujua sababu amtazame akipita mlangoni.

Alianza kama msaidizi wa fundi bomba, akapanda hadi kuwa mkuu wa karakana. Ametengeneza kila kinachovuja na kila kinachogoma, isipokuwa kipaza sauti cha ukumbini, ambacho wamenuniana nacho tangu siku ya kwanza.

Lakini kazi iliyompa sifa ni mashine ya kuponda makopo. Zamani makopo ya kantini yalipondwa na mama wa usafi kwa kisigino, mpaka goti likamvimba. Msimamizi akaanza kusema kwamba kama kazi imemshinda, atafutwe mwingine. Mama huyu analea wajukuu peke yake, na kila mtu alilijua hilo. Mlingoti hakubishana na mtu. Aliingia karakana akajifungia.

Alitoka na kipande cha bomba nene, gogo la mbao linaloteleza ndani yake, na mpini wa nondo, akaufunga mtambo wote ukutani. Mbele ya msimamizi akaponda makopo kwa mkono mmoja huku akipiga mluzi. Zamu ya mama ilipofika, ikabainika kuwa fundi alikuwa amejipima mwenyewe. Mama aliurukia mpini akaning'inia kama nguo kwenye kamba, na kopo likabaki zima. Msimamizi, bila hata kucheka, akasema anawapa hadi Ijumaa.

Wiki hiyo Mlingoti alifanya kazi akitembea kwa magoti, apate kuona mambo kwa kimo cha mama. Mkurugenzi alimkuta hivyo, akadhani anaombwa nyongeza ya mshahara. Alimsihi ainuke, akaahidi suala lake litaangaliwa. Linaangaliwa hadi leo.

Ijumaa mpini ulikuwa umeshushwa na kurefushwa. Mama aliubonyeza taratibu, kopo likawa bapa. Akaponda la pili, la tatu, na kwa kunogewa akaponda kikombe cha bati cha msimamizi, chai ikiwa bado imo. Msimamizi alijifuta shati, akakiri kwamba mashine inafanya kazi. Habari za kutafuta mtu mwingine hatukuzisikia tena.

Tulimwomba mama wa usafi atupe maneno machache ya kuchapisha hapa. Alisema tu kwamba Jumatatu atakuja kazini kama kawaida, kisha akajifuta macho kwa aproni, akatuomba tumwache.

Fundi wetu, ahsante sana. Nenda kapumzike ukiwa na furaha na afya njema, wewe na familia yako. Tutakukosa, na hatuoni haya kulisema.